Vipimo vya Mwili na Maradhi ya Matiti kwa Wanawake wa Umri wa Kuzaa



Hakuna mwanamke, awe wa mjini au wa shamba, asiyeijua futi ya fundi cherehani. Ikaribiapo Sikukuu ya Idi, au siku ya arusi, fundi humpima kifua, kiuno na nyonga, akaziandika hesabu zake daftarini, na nguo ikatoka sawasawa na mwili. Vipimo hivyo hivyo, pamoja na urefu na uzito, tabibu naye huvitumia, lakini kwa kazi iliyo kubwa zaidi, nayo ni kutambua ni nani aliye karibu na hatari ya maradhi na ni nani aliye mbali nayo. Hotuba hii yahusu vipimo hivyo na maradhi ya matiti kwa wanawake walio katika umri wa kuzaa, yaani tangu kuvunja ungo hata kukoma hedhi.

Jambo hili si dogo. Kwa hesabu za Shirika la Afya Ulimwenguni, katika mwaka 2022 wanawake wapatao milioni 2.3 walionekana kuwa na saratani ya titi duniani kote, na wapatao 670,000 walikufa kwa maradhi hayo. Nchini Uganda, ambako daftari la wagonjwa wa saratani wa Kampala limeandikwa tangu miaka ya 1950, hesabu ya wagonjwa wapya ilikuwa 11 katika kila wanawake 100,000 mwaka 1961, na kufika mwaka 1995 ilikuwa 22, yaani ilizidi mara mbili. Tena katika Afrika wengi wa wagonjwa ni wenye umri mdogo kuliko wagonjwa wa Ulaya, kwa kuwa watu wa Afrika wenyewe wengi wao ni vijana. Kwa hiyo anayeugua mara nyingi ni mama mwenye watoto wadogo nyumbani. Wataalamu waliowafuata wagonjwa tangu mwaka 2014 katika nchi za Uganda, Zambia, Namibia, Nigeria na Afrika Kusini waliona kwamba karibu nusu yao walikuwa wamekwisha kufa kabla ya kutimia miaka mitatu. Sababu iliyo kubwa ni kwamba wengi walifika hospitali maradhi yamekwisha kuenea.

Yafaa kwanza kuyajua maradhi yenyewe, maana si kila uvimbe wa titi ni saratani. Kwa hakika, katika wanawake walio vijana, uvimbe ulio mwingi si saratani. Kuna uvimbe mdogo wa mviringo, laini kwa nje, usiouma, ambao ukiguswa huteleza na kukimbia chini ya kidole. Huo huonekana zaidi kwa wasichana na wanawake wa miaka 15 hata 35, na kwa kawaida hauna madhara. Kuna pia vifuko vya maji, ambavyo huwapata zaidi wanawake wa miaka 35 hata 50. Kadhalika kuna maumivu na ugumu wa matiti yanayokuja siku chache kabla ya hedhi na kuondoka hedhi ifikapo; hayo hutokana na mabadiliko ya homoni za mwili, nayo huwapata wanawake wengi sana.

Mama anyonyeshaye naye ana maradhi yake. Maziwa yakiziba, au vijidudu vikiingia kwa njia ya ufa katika chuchu, titi huvimba, likawa jekundu na la moto, na mama akashikwa na homa. Mama huyo haimpasi kumwachisha mtoto, bali aendelee kumnyonyesha, maana kutoka kwa maziwa ni sehemu ya dawa. Na homa isipopungua aende kwa tabibu apewe dawa za kuua vijidudu, na kama jipu limeiva alipasuliwe. Lakini hapa pana onyo kubwa. Iko aina moja ya saratani iliyo kali, ambayo hujifanya kama uvimbe huo: titi huwa jekundu, zito na la moto, na ngozi yake ikafanana na ganda la chungwa. Kwa sababu hiyo, mama aliyepewa dawa, na wiki moja au mbili zikapita bila ya titi kupoa, asiongezewe dawa ile ile tu na kurudishwa nyumbani, bali apelekwe kwa daktari wa matiti upesi.

Sasa habari ya vipimo. Mtaalamu wa hesabu wa Ubelgiji, Adolphe Quetelet, aliyezaliwa mwaka 1796 na kufa 1874, ndiye aliyeonyesha kwamba uzito wa watu wazima hufuatana na urefu wao uliozidishwa kwa wenyewe. Mwaka 1972 Mmarekani Ancel Keys na wenzake waliirudia kanuni hiyo na kuipa jina jipya, na tangu hapo imeenea ulimwengu mzima. Hesabu yake ni nyepesi. Uzito kwa kilo hugawanywa kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mathalan, mwanamke mwenye kilo 70 na urefu wa mita 1.60: 1.60 mara 1.60 ni 2.56, na 70 ukigawanya kwa 2.56 hupata 27.3. Aliye chini ya 18.5 huhesabiwa kuwa mwembamba kupita kiasi. Aliye kati ya 18.5 na 24.9 yu sawa. Wa 25 hata 29.9 amezidi uzito; na wa 30 na zaidi ana unene ulio maradhi.

Kipimo hicho chafaa, lakini chaacha jambo moja, nalo ni mahali mafuta yalipokaa. Wanawake wawili waweza kuwa na hesabu moja, na mmoja akawa na mafuta ya mapaja na nyonga, na mwingine akawa nayo tumboni. Na mafuta ya tumboni ndiyo yenye madhara zaidi. Ndiyo sababu futi ikaongezwa. Kiuno hupimwa katikati ya ubavu wa mwisho na ncha ya mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi kwa kawaida, bila ya kuvuta tumbo ndani. Nyonga hupimwa mahali palipo panene kuliko pote pa makalio. Kwa mwanamke, kiuno kikizidi sentimita 80 hatari huanza kuongezeka, na kikizidi 88 huwa kubwa. Tena kiuno kikigawanywa kwa nyonga, jawabu likafika 0.85, hiyo nayo ni alama ya hatari. Mwanamke mwenye kiuno cha sentimita 92 na nyonga za 104 ana 0.88, basi amekwisha vuka mpaka. Vipimo hivi, bila shaka, havimfai mwenye mimba.

Je, vipimo hivi vyahusikaje na saratani ya titi? Hapa wataalamu walikuta jambo lililowashangaza. Kwa wanawake waliokwisha koma hedhi, unene huongeza hatari. Kila hesabu ya Quetelet ikipanda kwa 5, hatari huongezeka kwa kadiri ya 12 kwa mia. Sababu yake yajulikana vizuri: baada ya kukoma hedhi ovari hupumzika, na mafuta ya mwili ndiyo yanayobaki kutengeneza homoni ya kike iitwayo estrojeni, nayo homoni hiyo huchochea ukuaji wa chembe za titi. Lakini kwa wanawake walio bado katika umri wa hedhi mambo ni kinyume. Mwaka 2018 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliokusanya makundi 19 ya wanawake wa nchi mbali mbali, jumla yao 758,592. Ilionekana kwamba waliokuwa wanene walipata saratani ya titi kabla ya kukoma hedhi kwa uchache kuliko waliokuwa wembamba. Na waliokuwa wanene tangu umri wa miaka 18 hata 24 ndio waliozidi kusalimika: kila hesabu ilipopanda kwa 5, hatari ilipungua kwa kadiri ya 23 kwa mia.

Maneno haya, yakisikiwa nusu, yaweza kuleta maafa. Mwanamke aweza kusema, "Basi unene ni ngao," akajiachia. Siyo hivyo, na sababu zake ni nne.

Ya kwanza, saratani ya titi katika ujana ni chache, na baada ya kukoma hedhi ni nyingi zaidi. Anayejiongezea unene katika ujana huununua usalama mdogo wa leo kwa hatari kubwa ya kesho, kwa kuwa unene ulioingia ni mgumu kutoka, nao humfuata mtu hata uzeeni. Juu ya hayo kuna kisukari, shinikizo la damu na maradhi ya moyo, ambayo hayangoji hedhi ikome.

Ya pili, uchunguzi uliofanywa Ibadan, Nigeria, na kutangazwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba kiuno kinene kilifuatana na kuongezeka kwa saratani ya titi, kwa wanawake wenye hedhi na kwa waliokoma hedhi pia. Kwa hiyo aliyeambiwa na mizani kwamba yu salama, huenda akakanushwa na futi.

Ya tatu, saratani za titi si za namna moja. Iko ile isiyosikia dawa za homoni, nayo huonekana kwa wingi zaidi kwa wanawake vijana, na kwa wanawake wenye asili ya Afrika kuliko wa asili ya Ulaya. Baadhi ya uchunguzi umeona kwamba unene haupunguzi hatari ya namna hiyo katika ujana, bali huenda ukaiongeza.

Ya nne ni ya mkono na wala si ya hesabu. Katika titi kubwa lenye mafuta mengi, uvimbe mdogo hujificha. Usipoguswa kwa uangalifu hauonekani mpaka umekuwa mkubwa. Na hapo ndipo mwanamke mnene, ambaye labda hatari yake ilikuwa ndogo, hukuta maradhi yake yamekwisha kwenda mbali.

Upande wa pili, wembamba nao si maradhi, wala si dalili ya dhiki. Katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki unono umehesabiwa tangu zamani kuwa alama ya raha na ya mume mwema, na mke aliyekonda jamaa zake huulizana amepatwa na nini. Uganda lilizidi jambo hilo katika miaka ya 1980, UKIMWI ulipoingia na kuitwa na wananchi kwa jina la "Slim", yaani wembamba. Toka hapo wanawake wengi wakaogopa kupunguza hata kilo mbili, wasije wakanyoshewa vidole. Yafaa watu waelewe kwamba mwanamke aliye na hesabu ya 20 au 22, anayekula vizuri na kufanya kazi zake, hana upungufu wo wote. Lakini aliyekonda ghafula bila ya kujua sababu, huyo hana budi aonane na daktari.

Urefu nao una habari yake. Uchunguzi mkubwa wa Uingereza uliotangazwa mwaka 2011, wa wanawake zaidi ya milioni moja, ulionyesha kwamba kila sentimita 10 za urefu zafuatana na ongezeko la saratani ya titi la kadiri ya 17 kwa mia. Mwanamke mrefu asitishike kwa hayo. Hakuna awezaye kujipunguza urefu, na ongezeko lenyewe ni dogo. Urefu ni ushahidi tu wa mambo yaliyopita: chakula cha utotoni, kasi ya kukua, na homoni zilizoufanya mwili urefuke. Faida ya habari hiyo ni kuonyesha kwamba titi la mwanamke wa miaka 40 lilianza kuandikiwa habari zake alipokuwa msichana wa miaka 10.

Kuna jambo jingine lihusulo umri wa kuzaa ambalo lina nguvu kuliko futi na mizani, nalo ni kunyonyesha. Mwanzoni mwa karne ya 18 tabibu wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliona kwamba saratani ya titi iliwapata sana watawa wa kike, wasioolewa wala kuzaa. Mwaka 1926 Bibi Janet Lane-Claypon, daktari wa Kiingereza, aliwalinganisha wanawake 500 wenye saratani ya titi na wengine 500 wasio nayo, akaona kwamba wagonjwa walikuwa wamezaa watoto wachache na kunyonyesha kwa uchache. Mwaka 2002 yakakusanywa matokeo ya uchunguzi 47 kutoka nchi 30, ikathibitika kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari ya mama kwa 4.3 kwa mia, na kila uzazi huipunguza kwa 7 kwa mia. Miaka miwili kamili ya kunyonyesha, ambayo Waislamu wameijua kutoka katika Sura ya Al-Baqara, na ambayo mabibi wa Afrika waliishika tangu zamani, ni faida ya mtoto na ngao ya mama pia. Wale wanaoiacha kwa kudhani kwamba chupa ndiyo ustaarabu, wanapoteza mambo mawili kwa mara moja.

Pamoja na hayo, hakuna kipimo cho chote kilichotajwa hapa kinachoweza kumwambia mwanamke mmoja, "Wewe utaugua," au "Wewe hutaugua." Vipimo hunena habari za maelfu, na titi la mtu mmoja hunena habari zake lenyewe. Kwa hiyo kila mwanamke yampasa ayajue matiti yake kama ajuavyo mikono yake. Siku zilizo bora ni zile za baada ya hedhi kwisha, matiti yanapokuwa malaini. Ajitazame mbele ya kioo, kisha alale chali, mkono mmoja chini ya kichwa, na kwa vidole vya mkono wa pili aliguse titi lote na kwapa; na mwenye matiti makubwa azidi kufanya hivyo akiwa amelala, kwa kuwa hapo mafuta hutandaa. Dalili za kumpeleka hospitali ni hizi: uvimbe mgumu, hata usipouma, ngozi iliyobonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani ambayo zamani haikuwa hivyo, damu itokayo katika chuchu, kidonda cha chuchu kisichopona, na uvimbe wa kwapani. Wengi hudhani kwamba kisichouma hakina neno. Saratani ya titi mwanzoni mara nyingi haiumi.

Na hapa ndipo lilipo tatizo lenyewe. Mwanamke huona uvimbe, akaona haya kumwambia mumewe; mume akiambiwa, hungoja mavuno au mshahara; shangazi husema ni jicho la watu, na miezi sita hupita katika dawa za kukanda. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Haya ni pambo la mwanamke, wala hakuna amwambiaye aiache. Lakini wanazuoni wamekubali tangu zamani kwamba dharura ya matibabu humhalalishia mgonjwa kumwonyesha tabibu pale panapouma, na akipatikana tabibu wa kike ndiyo bora zaidi. Asiyepatikana, ugonjwa haumngoji. Na mume anayemchelewesha mkewe kwa wivu au kwa ubahili ajue kwamba amechukua dhamana ya watoto watakaobaki bila ya mama.

Shirika la Afya Ulimwenguni lilipoanzisha mpango wake wa saratani ya titi mwaka 2021 liliweka shabaha tatu: kwamba zaidi ya wagonjwa 60 kwa mia watambuliwe maradhi yakingali katika daraja mbili za kwanza, kwamba uchunguzi ukamilike katika siku 60 tangu mgonjwa alipofika mara ya kwanza, na kwamba wagonjwa 80 kwa mia wamalize matibabu yao. Uganda ina Taasisi ya Saratani katika mlima wa Mulago tangu mwaka 1967. Lakini taasisi haiwezi kumtoa mtu nyumbani kwake. Kazi hiyo ni ya jamaa, ya majirani, na ya vyama vya watu.

Chama cha Waislamu chaweza kufanya mengi kwa gharama ndogo. Futi moja, mizani moja, na ubao wa kupimia urefu vyatosha kuanza. Katika zahanati, siku mama anapomleta mtoto kupimwa, mtoto hutiwa katika mizani na kuandikwa kadi, na mama hurudi bila ya kupimwa. Siku hiyo hiyo naye angeweza kupimwa uzito, urefu na kiuno, akaulizwa habari ya matiti yake, na muuguzi wa kike akamtazama faraghani. Darasa za akina mama zaweza kupewa saa moja kwa mwezi kwa mafundisho haya. Na katika mfuko wa chama yaweza kutengwa fedha ya nauli, maana wako wanaokufa kwa kukosa nauli ya basi tu, huku dawa ya maradhi yao ingaliko.

Mabibi na Mabwana, nguo isiyomkaa mtu vizuri hurudishwa kwa fundi ikashonwa upya. Mwili haushonwi upya. Lakini ukitazamwa mapema huponyeka. Mizani imwambie mwanamke ale nini, futi imwambie apunguze wapi, na vidole vyake mwenyewe vimwambie lini aende kwa daktari. Na akisema, "Nimeona uvimbe," jawabu la watu wa nyumbani mwake liwe moja tu, nalo ni kumsindikiza hospitali kesho asubuhi.